Boti Iliyonipigia Mara Tatu

Simu yangu ya mwaka ule ilikuwa na spika iliyopasuka, kwa hiyo haikuita kama simu za watu. Ilikoroma kwanza, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuongea, ndipo ikatoa mlio wake mwembamba, tiriri, tiriri, na kwenye kioo likatokea jina moja: BOTI. Sikuwahi kuuacha mlio ule ufike mwisho. Kabla ya tiriri ya tatu kidole gumba changu kilikuwa kimeshabonyeza kitufe chekundu, maana ndivyo Fundi alivyoniagiza: ikiita, kata, ukipokea utakula salio la laini iliyoko ziwani, na siku ya hatari boti itakosa nguvu ya kupiga. Nimeshabadilisha simu nyingi tangu wakati huo, za kubonyeza na za kupangusa, lakini mwezi uliopita nikiwa nimekaa kwenye mkeka msibani Tunduru, simu ya mama mmoja ilikoroma hivyohivyo ndani ya mkoba wake, na mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta kitufe cha kukata. Yule mama akanitazama. Nikajifanya nafukuza nzi.

Msiba wenyewe ulikuwa wa Fundi Sadiki, aliyenifundisha kazi inayonilisha mpaka leo. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Nilikaa na wanawake, nikala pilau kwenye sinia na watu nisiowajua, na kila aliyeniuliza mimi nani kwa marehemu nilimjibu, "Mwanafunzi wake wa Songea." Wakasema, "Ahaa, wa zile simu." Nikaitikia kwamba ni mimi, wa zile simu. Hakuna aliyeniuliza zaidi, na kama angeuliza sijui ningemjibu nini, kwa sababu kuna jambo moja la mwaka ule ambalo nimelificha muda mrefu hata likaanza kufanana na jambo lililompata mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili, na sababu zake siziandiki hapa. Nilikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kuota mchana. Nikiona bomba la jirani linavuja naota kiwanda cha mabomba. Fundi alikuwa na chumba kimoja pale mtaa wa Mfaranyaki, chenye mlango wa bluu uliobabuka rangi, meza mbili za mbao, na dirisha linalotazama barabara. Nyuma kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia ua mdogo ambako mkewe, Mama Hadija, alipika. Kwa hiyo siku nzima harufu ya risasi ya kulehemu ilichanganyika na ya kitunguu, na maneno ya wateja yalichanganyika na ya jikoni. Mwezi wa sita, Songea inapobana kwa baridi mpaka vidole vinakataa kushika bisibisi, Mama Hadija alitusukumia jiko la mkaa chini ya meza na kusema, "Mkiungua msiniite." Fundi alikuwa mtu wa Tunduru, mpole, mwenye kofia ya kufuma, na alizungumza na vifaa kuliko na watu. Akifungua simu iliyokufa anaiuliza, "Haya, bwana mkubwa, umekula nini?" Alikuwa na daftari la mistari ambamo aliandika kila kosa alilolipata na namna alivyolitibu. Nilikuwa nikimtania kwamba simu za Songea zina kliniki kuliko sisi.

Baba Kasto aliingia wakati wa mvua, akiwa amevaa koti la plastiki na ameshika mfuko wa dagaa nyasa kwa mkono mmoja na simu iliyotota kwa mwingine. Alitoka Mbamba Bay. Alikuwa na boti ya mbao yenye injini, inayobeba watu na mahindi kwenda vijiji vya pwani ya ziwa ambavyo gari halifiki. "Moni, moni!" alisalimia kwa salamu ya kwao, kisha akaiweka simu mezani. "Fundi, huyu mgonjwa alizama. Na boti nayo ilizama wiki iliyopita. Mimi peke yangu ndiye ninayeelea."

"Boti ilizama?" nikauliza. "Ukiwa ndani?"

"Shikamoo kwanza, mama."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sikuwa ndani. Ilikuwa imefungwa pale ufukweni, mimi niko nyumbani nakula. Ubao mmoja uliachia, maji yakaingia polepole kama mwizi. Nimerudi naikuta imekaa chini, imebaki pua tu." Alicheka, ila alipomaliza kucheka alibaki anatazama mikono yake. "Wazungu wana vidude vya kupiga kelele maji yakiingia. Nimeuliza, bei yake ni boti nyingine. Sasa nyie mnaofufua simu, hamwezi kuifanya boti yangu inipigie?"

Alisema kwa utani. Nakumbuka Fundi hakucheka. Alichukua daftari lake, akafungua ukurasa mpya, akaandika neno BOTI kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Na mimi nilikuwa nimeshaona ufukwe mzima umejaa boti zinazopiga simu, na jina langu limechorwa kwenye kila moja kwa rangi nyekundu.

Tulianza na kitochi, ile simu ndogo yenye tochi kichwani, kwa sababu hicho ndicho chombo rahisi kuliko vyote na betri yake inakaa siku nyingi. Ukibonyeza namba mbili kwa muda, inampigia mtu uliyemhifadhi hapo. Fundi alifungua kitochi, akalehemu nyaya mbili kwenye kitufe hicho na kuzitoa nje. Nyaya zikikutana, simu inadhani imebonyezwa, inapiga. Wazo la kwanza lilikuwa maji yenyewe yaziunganishe. Tulijaribu kwenye beseni la Mama Hadija, ikapiga papo hapo, tukarukaruka ndani ya chumba kile mpaka wateja wakachungulia. Fundi akaipeleka ziwani, akaizamisha, ikanyamaza kimya. Akarudi siku ya pili amenuna. Tulihangaika wiki nzima mpaka Mama Hadija alipopiga kelele kutoka nyuma ya pazia, "Nani kachukua beseni langu la kutilia samaki chumvi?" Fundi akanitazama, na mimi nikamtazama. Maji yetu yalikuwa na chumvi ya samaki. Ya ziwa hayana chumvi, hayabebi umeme kwa nguvu ile. Aliandika kosa lile kwenye daftari huku mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Dawa niliipata mimi, na naisema bila haya kwa sababu ni moja ya mambo machache ya mwaka ule yasiyonichoma. Nilikuwa naoga uani, ndala yangu moja ikaangukia kwenye ndoo na kuelea. Nikatoka na kanga imelowa nikapiga kelele, "Fundi, ndala!" Tulikata kipande cha ndala, tukakibandika ncha ya ukanda wa bati. Maji yakipanda, kipande kinaelea, kinauinua ukanda, ukanda unagusa bati jingine, nyaya zinakutana. Kitochi chenyewe tulikifunga ndani ya kopo la siagi, mfuniko tukauziba kwa nta ya mshumaa na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ukiondoa kitochi, vingine vyote vilikuwa vya kuokota. Vijana wa chumba cha jirani waliotengeneza redio walikuwa hawaniachi: "Oliva, ndala ya kushoto inapiga mtandao gani?" Nikawajibu, "Inawapigia wenye boti. Nyie mna nini?"

Ilifanya kazi. Ilifanya kazi hata ikazidi, kwa sababu kila walipomwaga maji ya kuoshea samaki au wimbi likiruka ndani, boti ilipiga. Baba Kasto alikuja Songea analalamika. "Boti yenu inanipigia kuliko mke wangu. Jana nimeacha ibada, nimekimbia mpaka ufukweni, nakuta vikombe viwili vya maji." Ndipo Fundi alipoamua kwamba kwa mwezi mmoja wa majaribio boti impigie mtu mwingine, mtu aliyetulia, anayeweza kuandika saa ya kila mlio ili tujue kipande cha ndala kiinuliwe kiasi gani. "Wewe ndiye utakuwa sikio," akaniambia. Ikiita ninakata, kisha nampigia Baba Kasto kwenye simu yake mwenyewe, anayotembea nayo mfukoni, akaangalie. Nilifurahi kana kwamba nimepewa boti yenyewe. Nililala na ile simu chini ya mto, nikaenda nayo sokoni, na mara moja nilitoka katikati ya foleni ya kusaga kwa sababu yake, nikapoteza zamu yangu, nikacheka.

Baada ya kukiinua kile kipande, milio ya uongo ikakoma. Wiki nzima boti ilinyamaza, nami nikaanza kuukumbuka mlio wake. Kisha asubuhi moja, kama saa moja hivi, tiriri. Nikakata, nikampigia Baba Kasto. Akapokea anacheka. "Ni mimi, mama. Nachota na kumwaga maji yaliyovuja usiku humu botini, nikasema ngoja niinue kindala kwa kidole nione kama mwanangu wa Songea ameamka."

"Baba Kasto! Umenitisha!"

"Pole. Lakini umeamka?"

"Nimeamka."

"Basi siku njema."

Kubipu ndiyo ilikuwa lugha yetu wote wakati ule. Mtu anakubipu mara moja maana yake nimefika salama, mara mbili maana yake nipigie, na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Kwa hiyo tangu siku hiyo, kila asubuhi akimaliza kuchota maji aliinua kile kipande kwa kidole, simu yangu ikakoroma na kuita, nikakata, na siku yangu ikaanza. Sikumpigia tena kuuliza. Sina namna ya kueleza jinsi kitu kidogo vile kilivyonishika. Kulikuwa na mtu upande wa pili wa milima, amesimama na miguu yake kwenye maji, ananikumbuka kabla hajanywa chai. Nilikuwa sijawahi kukumbukwa asubuhi na mtu asiye na shida na mimi.

Fundi aligundua. Alikuwa anapitia karatasi yangu ya saa za milio. "Hii ya saa moja kila siku ni nini?" Nikamwambia. Akavua kofia, akajikuna, akasema taratibu kama alivyosema kila jambo, "Hapana, binti. Chombo cha hatari hakifanyiwi salamu. Siku ikija hatari yenyewe utaijuaje? Mwambie aache. Na mwezi wa majaribio umeisha, twende tukaibadilishe namba, impigie mwenyewe." Nikasema, "Sawa, Fundi." Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki ijayo, wiki ijayo nikasema wateja wengi, tusubiri. Yeye akaniamini, akaendelea na kazi. Kila nikiikumbuka ile "sawa, Fundi" nasikia jinsi nilivyoisema haraka, kwa sauti ya mtu aliyeshaamua. Nilijua kwamba namba ikibadilishwa, boti haitanisalimia tena.

Kabla ya mambo kuharibika tulikuwa na jioni moja nzuri mno. Habari ilikuwa imesambaa ufukweni, na wenye boti wanne wakatuma maombi ya kengele kama ya Baba Kasto. Fundi alirudi na ndala mpya jozi moja ya kukata vipande, akaziweka mezani kama mtu aliyeleta nyama. Mama Hadija akapika ugali na samaki mbasa wa kuchoma, akasema kupitia pazia, "Ndala mpya za kukatwa, na mimi nakanyaga udongo!" Fundi akajibu, "Inshallah, Mama Hadija, utavaa viatu vya kisigino." Nilitoka nje nikampigia Baba Kasto kumpa habari. Alipiga kelele ya furaha mpaka spika yangu ikakwaruza. "Wanne! Basi kesho asubuhi nakubipu kwa hiyo boti mpaka uichoke!"

Asubuhi yake kulikuwa na ukungu, na milima ya Matogoro haikuonekana kabisa. Fundi alikuwa ametoka mapema kutafuta vitochi vinne vya bei ya chini. Mimi na Mama Hadija tulikaa uani kwenye vigoda, kati yetu sufuria la magimbi na birika la chai ya tangawizi. Simu ikakoroma, ikaita. BOTI. Nikakata nikicheka. Kabla sijamenya gimbi langu ikaita tena. Nikakata. Mama Hadija akasema, "Nani huyo asiye na adabu asubuhi yote hii?"

"Ni boti, Mama. Inafurahi."

"Boti inafurahi?"

"Baba Kasto ameahidi. Ni kwa ajili ya wale wanne."

Ikaita mara ya tatu. Hiyo niliikata, nikazima sauti, nikaifunga simu kwenye ncha ya kanga ili ninywe chai yangu kwa utulivu. Gimbi lilikuwa la moto. Nakumbuka nilitia chumvi kidogo. Nakumbuka Mama Hadija alinisimulia habari ya kuku wa jirani aliyetaga kwenye kapu la nguo, nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nimejaribu mara nyingi kuhesabu kuku yule na kicheko kile vilichukua muda gani, na kwa muda huo maji yalikuwa yamefika ubao wa ngapi.

Alfajiri ile Baba Kasto alikuwa ameitwa kwenye msiba kijiji cha jirani, akaondoka kwa miguu kabla ya kuchota maji. Simu yake ilikuwa mfukoni, imejaa chaji. Ningempigia angewapigia majirani zake waliokuwa wanatandika nyavu hatua chache kutoka boti ilipofungwa, wangeivuta nchi kavu kwa mikono. Badala yake, walipogutuka, boti iliyokuwa imeshapakiwa magunia ya watu ilikuwa imeinama. Kamba ikakatika. Upepo uliamka, ukaisukuma kwenye mawe. Injini ikazama.

Fundi aliingia kama saa nne, akasimama kwenye pazia, vitochi viwili mkononi. Alikuwa amepigiwa njiani. "Boti ya Baba Kasto imekufa," alisema. Kisha akanigeukia, bila ukali wowote. "Oliva, ilikupigia?"

Nilimtazama yeye, nikatazama vitochi. Nikasema, "Hapana, Fundi. Haikupiga."

Mama Hadija alikuwa anaosha vikombe. Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Alininyanyulia macho, akakaa hivyo kidogo, kisha akaendelea kuosha. Nilikwenda bafuni, pale uani, pasipo na paa, nikajiegemeza ukutani na kuifungua ncha ya kanga. Kwenye orodha lilikuwapo jina lilelile mara tatu, na saa zake pembeni. Nikafuta la kwanza. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Ikaniuliza hivyo mara tatu, na mara tatu nikabonyeza ndiyo.

Wiki iliyofuata Baba Kasto alikuja na lile kopo la siagi. Vijana wa ufukweni walilizamia wakalitoa. Maji yalikuwa yamepenya, kitochi kimekufa hakisemi kitu. Nilitamani apige kelele, atutukane. Alikaa, akanawa mikono, akala ugali na maharage kama mgeni mwingine yeyote. "Fundi, pole na wewe," alisema. "Labda mnara ulilala."

"Mnara haukulala," Fundi akasema. "Ni kazi yangu. Kuna mahali niliunga vibaya."

"Aa, wewe. Umefanya kwa moyo."

"Moyo hauzuii maji, Baba Kasto. Nisamehe."

Wakawa wanavutana hivyo, kila mmoja anataka mzigo aubebe yeye, na mimi katikati nimeshika jagi la maji ya kunawa. Kisha Baba Kasto akanigeukia, na hili ndilo neno lililobaki kooni mwangu kama mwiba wa samaki. "Na wewe mama unisamehe. Asubuhi ile sikukusalimu. Niliitwa msibani, nikasema nitakubipu nikirudi."

Wale wanne wakaghairi. Vijana wa redio, waliokuwa wakinitania kwa upendo, sasa walimwita Fundi "fundi wa ndala," na wateja wakaokota jina hilo. Mtu analeta simu anasema, "Hii usiifunge na ndala, mzee," watu wanacheka, na Fundi naye anatabasamu huku anaifungua simu. Hilo aliliweza. Ambalo hakuliweza ni kutojua. Kila alipomaliza kazi za watu alilitoa lile kopo, akakausha bati, akapima waya, akauliza kwa sauti ndogo, "Haya, bwana mkubwa, ulikwama wapi?" Alikula mkono mmoja ukiwa kwenye sahani na mwingine unageuza kipande cha ndala. Alitafuta kosa ndani ya kitu kisicho na kosa, na mimi nilikaa meza ya pili, hatua mbili kutoka kwake, nikisafisha vioo vya simu. Mara nyingi nilifungua mdomo. Ilikuwa inatoka, "Fundi, chai imepoa." Mwisho wa mwaka alifunga chumba, akanigawia nusu ya vifaa vyake, akarudi kwao. Hakuwahi kubuni kitu kingine. Baba Kasto aliendelea kusafiri ziwani, kama kibarua kwenye boti za watu, akichota maji kwenye mbao zisizokuwa zake.

Ndipo mwezi uliopita, kule Tunduru, nilipotoka kwenda kunawa, nikamkuta Baba Kasto amekaa upande wa wanaume, mvi tupu, ameinama. Alikuwa amesafiri siku mbili. "Mwanangu wa Songea!" akaita, watu wakageuka. Aliwaeleza waliokuwa karibu naye habari za marehemu, jinsi alivyokuwa na mikono ya dhahabu. "Hakuna simu aliyoshindwa. Kasoro kile kidude changu kimoja tu, Mungu amrehemu." Wakacheka kwa upole, kama watu wanavyocheka msibani. Nami nikatabasamu. Miaka yote hiyo, na nilichoweza kutoa ni tabasamu. Akanipa namba yake mpya kabla hajaondoka. "Ukipiga, iache iite sana. Masikio siku hizi yana maji."

Mama Hadija aliniita chumbani jioni ile. Alikuwa kwenye eda, amejifunika nyeupe, amepungua. Alitoa mfuko kutoka chini ya kitanda, na kabla hajaufungua nililijua lile kopo kwa umbo lake. Juu yake kulikuwa na daftari.

"Alilitafuta kosa mpaka mwaka jana," alisema. "Macho yalipoisha akawa anapapasa kwa vidole."

Nikashindwa kuinua uso. "Mama, ulisikia siku ile."

"Nilisikia. Boti inafurahi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia mimi, ungekuwa umbea. Ungemwambia wewe, ingekuwa dawa. Nikakungoja." Akaliweka kopo mapajani mwangu. "Nilikungoja sana, Oliva."

Sasa lipo hapa mezani kwangu Mfaranyaki, mtaa uleule, mlango mwingine. Leo mchana wateja walipopungua nililifungua. Kwenye daftari, chini ya neno BOTI, kuna kurasa kumi na moja za mwandiko wake, ukianza umenyooka na kuishia umeyumba. Waya? Betri? Nta? Ndala imechoka? Na ukurasa wa mwisho, herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri: SIJUI. Nilitoa zile nyaya mbili, nikaziunga na betri na taa ndogo, nikajaza beseni maji ya bomba, bila chumvi, nikaliteremsha bati polepole. Kipande cha ndala, kigumu kama ngozi, kikaelea. Kikauinua ukanda. Taa ikawaka. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikiwa nimekaa sakafuni, taa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika. Kisha nikachukua kalamu, na chini ya lile neno la Fundi nikaandika saa moja asubuhi, ilipiga mara tatu, nilikata mimi.

Nikafunga mlango wa duka, ingawa jua lilikuwa bado kali nje na mtu alikuwa anagonga anataka chaja. Nikatafuta namba ya Baba Kasto, nikapiga. Ikaita mara moja. Ikaita mara ya pili. Ya tatu kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye ile alama nyekundu, kikasimama juu yake. Nikakiondoa, nikaiweka simu mezani kando ya kopo, nikaikalisha mikono yangu mapajani, nikaiacha iite.